Sura ya Sita: Bawaba Kwanza, Mng'ao Baadaye

Fedha ya ujenzi katika miji ya dhahabu haiji kama mshahara wa mwalimu. Inakuja kwa mkupuo. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitoa, ndani ya wiki moja mabati yanapanda, malumalu zinashushwa uani na fundi wa kabati anaitwa aje na futikamba. Duara likigoma, nyumba hiyohiyo inakaa miezi mingi madirisha yamezibwa kwa maturubai. Hata asiyewahi kushuka shimoni, awe mama ntilie wa Katoro, mwenye karasha ya kusaga mawe wa Nyarugusu au muuza spea wa Kahama, anaishi kwa kupanda na kushuka huko, maana wateja wake ni haohao.

Ndiyo maana makabati mengi ya jikoni ya ukanda huu yanaugua ugonjwa mmoja. Siku fedha ilipokuwepo, mwenye nyumba alinunua kinachoonekana: mishikio mirefu ya rangi ya dhahabu, mizito mkononi, iliyofungwa kwenye nailoni moja moja. Bawaba na reli za droo zikaachiwa fundi, naye akanunua kwa hela iliyobaki. Miaka miwili baadaye mishikio bado inang'aa, ila mlango wa kabati la vikombe umeinama, droo ya vijiko inavutwa kwa mikono miwili, na chini ya sinki kuna mlango uliofungwa kwa mpira.

Sura hii inatetea mpangilio wa kinyume. Kadiri kifaa kinavyokuwa kigumu kubadilishwa baada ya kabati kukamilika, ndivyo kinavyostahili fedha ya kwanza. Mshikio unabadilishwa kwa bisibisi na dakika tano. Tundu la bawaba lililochimbwa mahali pasipofaa halihamishiki, na droo iliyotengenezwa kwa reli mbovu ni lazima itengenezwe upya. Kwa mtu ambaye fedha yake huja kwa vipindi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kipi kinunuliwe leo na kipi kisubiri mkupuo ujao.

Jiko lilipohamia ndani

Usukumani jiko lilikuwa na kibanda chake. Mafiga matatu, chungu, mwiko, na nafaka kwenye kihenge uani. Vyombo vizuri vilikaa sebuleni, kwenye kabati la vioo ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuonekana. Moshi wa kuni na masizi ya mkaa havikuruhusu mbao yenye vanishi kukaa karibu na moto.

Mambo yaliyobadilisha hali hiyo yamefuatana kwa karibu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mji ukapoa kwa miongo mitatu hivi. Kisha mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001 na Buzwagi 2009. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, Kahama ikapata hadhi ya manispaa mwaka 2021. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba mwaka 2009, na bomba la maji ndilo linaloleta sinki, kama sinki linavyoleta kaunta, na kaunta inavyodai kabati chini yake. Sasa mtungi wa gesi wa kilo 6 au 15 unachukua nafasi ya gunia la mkaa: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034.

Kabati la jikoni kwa hiyo ni kitu kipya kuliko kabati la sebuleni, na kazi yake ni nyingine kabisa. La sebuleni hufunguliwa wageni wakija. Mlango wa kabati la vikombe, katika nyumba yenye watoto, ukifunguliwa mara 20 tu kwa siku, ni mara 7,300 kwa mwaka, na mara 73,000 kwa miaka kumi. Seremala hodari aliyezoea kutengeneza makabati ya sebuleni anaweza kukupa kabati zuri la jikoni lenye bawaba za sebuleni, na hapo ndipo kazi yake nzuri inapoharibikia.

Ubao unaoshika skrubu

Chuma chochote cha kabati kinashikwa na mbao, kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei ya bawaba. Ni kabati lako litakuwa la ubao gani.

Mninga ndio mbao ya heshima katika kanda hii. Ni mti wa miombo, na mwingi unaoingia Shinyanga unatoka upande wa Tabora na Katavi. Sifa yake kubwa kwa kazi ya kabati ni utulivu: ikikaushwa vizuri haijikunji wala kutanuka ovyo, na inang'ang'ania skrubu. Kasoro ni bei, na kwamba mbao nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi. Miti ya ukanda huu inagombewa na wengi. Maduara yanataka matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, majiko yanataka mkaa, na nyumba zinataka milango. Shinyanga yenyewe inaijua hasara ya kumaliza miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulifanya kazi kuanzia 1986 hadi 2004 kurudisha uoto kwa kufufua ngitili, yale malisho yanayotengwa kimila na kupumzishwa. Ukinunua mninga, dai iliyokauka na yenye alama na kibali halali. Mbao mbichi itakayokauka jikoni kwako itazilegeza skrubu zote ulizolipia.

Paini kutoka Mufindi ni laini na nyepesi. Inafaa kwa fremu na droo, lakini skrubu inayofunguliwa na kufungwa mara tatu mahali pamoja itakuwa imekula tundu lake. Mbao za kiwandani, yaani MDF na chipubodi, zimenyooka, hazina fundo wala ufa, na ndizo ambazo bawaba nyingi za kisasa zimebuniwa kwa ajili yake. Adui yake ni maji. MDF iliyochimbwa tundu karibu na sinki bila kupakwa rangi ndani ya tundu hilo huvimba kuanzia hapohapo, na bawaba hung'oka ikiwa na unga wake. Skrubu iliyopigwa kwenye ukingo wa chipubodi ndiyo dhaifu kuliko zote. Ile inayoingia kwenye uso wa ubao hushika vizuri zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mwenye nyumba anaweza kulisimamia bila kuwa seremala: kila skrubu itanguliwe na tundu jembamba la drili. Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mninga, tundu la milimita 3 linatosha. Fundi anayeipigilia skrubu kwa nyundo nusu ya safari, kisha akaimalizia kwa bisibisi, ameshavunja nyuzi za mbao ambazo zilitakiwa kuishika. Tundu likishalegea, dawa yake ni njiti za mbao zilizochovywa kwenye gundi, zijazwe, zikauke usiku mzima, kisha tundu lichimbwe upya. Kuweka skrubu nene zaidi kunasaidia mara moja tu.

Bawaba

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi utakuta familia mbili. Ya kwanza ni bawaba ya kawaida, vipande viwili vya bapa vilivyounganishwa kwa pini, ileile ya milango mikubwa ila ndogo. Ya pili ni bawaba ya springi inayozama kwenye mlango, ambayo mlango ukifungwa huioni.

Bawaba ya kawaida isidharauliwe. Kwa mlango wa mninga wenye fremu, bawaba mbili za brasi au za chuma kisichoshika kutu, zilizochongewa nafasi yake vizuri, zinaweza kudumu kuliko nyumba. Lakini zinataka mkono wa fundi. Hazina pa kurekebishia. Mlango ukitanuka wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, utakwama. Ukisinyaa kiangazi utaacha mwanya wa vumbi. Tena zinahitaji sumaku au komeo la kuuzuia mlango usifunguke wenyewe.

Bawaba ya springi ni kazi ya viwanda vya Ulaya vya karne iliyopita, na mojawapo ya majina makubwa katika biashara hiyo ni Blum ya Austria. Julius Blum alianzisha karakana yake mwaka 1952, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa njumu za kwato za farasi. Bawaba zilikuja baadaye. Leo mfumo huo umeenea dunia nzima, na nakala zake, nyingi kutoka China, ndizo zinazofika Kariakoo na kusafirishwa hadi Kahama na Geita. Uzuri wa kuenea huko ni kwamba vipimo vimebaki vilevile: kikombe cha bawaba kina kipenyo cha milimita 35, kinazama milimita 11 hadi 13, na ukingo wa tundu hukaa milimita 4 au 5 kutoka ukingo wa mlango. Kwa ubao wa milimita 18 unabakiwa na milimita tano hadi saba mbele ya tundu, kwa hiyo fundi aweke kizuizi kwenye drili. Akikosea hapo, kosa linatokea upande wa mbele wa mlango.

Kabla ya kununua, jua mlango wako unakaaje. Kama unafunika ukingo wote wa boksi la kabati, unataka bawaba ya mkono ulionyooka. Kama milango miwili inagawana ukingo mmoja, unataka ya mkono uliopinda nusu. Kama mlango unaingia ndani ya boksi, unataka ya mkono uliopinda kabisa. Maboksi yake dukani yanafanana, na kuchanganya aina hizi ni sababu ya kawaida ya fundi kulazimisha mlango ukae pasipo pake.

Idadi nayo ina kanuni. Mlango wa hadi sentimita 90 unatosheka na bawaba mbili. Zaidi ya hapo hadi sentimita 160 weka tatu, na kabati refu la stoo linataka nne. Uzito nao uhesabiwe. Mlango wa mninga wa sentimita 60 kwa 40, unene wa sentimita mbili na ushee, unafika kilo tatu na nusu. Ukiongeza kioo kizito, ongeza bawaba.

Kuipima bawaba dukani hakuhitaji utaalamu. Mazungumzo ya namna hii yanafaa yafanyike kabla fedha haijatoka:

"Mama, hizi za hapa ni nafuu, na zinafanana na zile."

"Zinafanana zikiwa zimefungwa, fundi. Niwekee moja kwenye kipande cha ubao niione inavyocheza."

Mama huyo ana haki. Bawaba ikiwa imeshikizwa kwenye kipande cha ubao, ifungue na kuifunga mara kadhaa, kisha ikiwa wazi itikise kushoto na kulia. Ikiyumba ikiwa mpya, itayumba maradufu ikibeba mlango. Angalia ribiti zake: zinatakiwa zijae matundu yake. Angalia unene wa bapa kwenye ukingo. Kama ni ile inayofunga polepole, isukume ikaribie kufunga, kisha uiache: inatakiwa ijimalizie yenyewe bila kugonga na bila kukwama njiani. Ya bei ya kutupwa mara nyingi ndiyo inayopoteza ulaini huo kwanza, na ukipotea unabaki na bawaba ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu.

Faida kubwa ya bawaba hii, hasa katika nchi yenye kiangazi kikali, ni skrubu zake za kurekebishia. Simama mbele ya mlango ulio wazi uutazame mkono wa bawaba. Skrubu iliyo karibu nawe inausogeza mlango kushoto na kulia. Iliyo nyuma yake, ikilegezwa, inauruhusu mlango uingie ndani au utoke nje. Zile zinazoshika bamba kwenye ukuta wa kabati zinaupandisha na kuushusha. Zungusha robo mzunguko, funga mlango, tazama, rudia. Milango yote ya jiko inaweza kunyooshwa hivyo kila mwaka mvua zikiisha, kwa bisibisi moja, bila kumwita fundi.

Reli za droo na uzito wa unga

Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za manispaa ya Frankfurt, lenye mita 1.9 kwa 3.4 tu, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Alianza kwa kutazama mpishi anashika nini na anakwenda wapi. Mchele, sukari na vitu vya namna hiyo aliviwekea visanduku vya alumini vyenye mkono wa kuvutia na mdomo wa kumiminia. Jiko letu lina vitu vingine, lakini swali lake ni la kuulizwa hapa pia: droo hii itabeba nini?

Kwa nyumba nyingi za Shinyanga jibu ni zito. Debe moja la mahindi ni kama kilo 18 hadi 20. Mchele unanunuliwa kwa gunia. Kuna michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kungojea miezi ya njaa, kuna dagaa, kuna sufuria za kupikia watu kumi na watano. Reli nyembamba zenye magurudumu mawili ya plastiki ni za vijiko na vitambaa. Ukiziwekea unga zinajikunja, gurudumu linatoka njiani, na droo inakuangukia mguuni. Reli za gololi, zile zinazokunjuka vipande vitatu na kuitoa droo yote nje, kwa kawaida huandikwa kubeba kilo 30 hadi 45 kwa jozi. Kwa droo ya sufuria nunua hizo. Nafaka ya gunia na debe ibaki chini, kwenye ndoo yenye mfuniko, nyuma ya mlango wa kawaida. Reli yoyote unayoweza kumudu haina haja ya kubebeshwa mzigo huo.

Reli za gololi za pembeni zina sharti lisilo na huruma: zinadai milimita 12.7 kila upande, yaani nusu inchi. Droo iwe nyembamba kuliko nafasi yake kwa milimita 25 au 26. Ikizidi kidogo haiingii. Ikipungua sana gololi zinachia. Ndiyo sababu reli zinunuliwe kabla droo hazijatengenezwa, fundi azipime akiwa nazo mkononi. Urefu wake unaenda kwa hatua za sentimita tano, 30, 35, 40, 45, 50, na droo inafuata reli.

Vumbi ndilo linaloua reli nyingi katika kanda hii. Barabara za vumbi na karasha zilizo karibu na makazi hutoa unga mwembamba unaopenya hadi ndani ya droo. Kosa la kawaida ni kupaka grisi zaidi droo inapoanza kukwaruza. Grisi inakusanya vumbi, na mchanganyiko wake unasaga gololi. Toa droo, futa reli kwa kitambaa kikavu na brashi, rudisha. Tone moja la mafuta mepesi linatosha.

Mwenye mninga na fundi mzuri ana njia nyingine ambayo haitaki duka: droo inayoteleza juu ya vipande vya mninga vilivyopigwa randa vizuri na kusuguliwa mshumaa. Haitoki yote nje, lakini haina gololi za kujaa vumbi, na ikichakaa inarekebishwa palepale nyumbani.

Mishikio, na hesabu ya mnunuzi wa dhahabu

Sasa tumefika kwenye kile ambacho wengi wanaanza nacho. Mishikio ya rangi ya dhahabu imejaa maduka ya Kahama na Geita, na inaeleweka kwa nini. Ndani yake, hata hivyo, kuna vitu tofauti kabisa. Mingi imemiminwa kwa aloi ya zinki na kupakwa juu. Mingine ni alumini iliyotiwa rangi, mingine bomba la chuma. Michache ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo rangi yake ya manjano ni ya kuzaliwa. Ile bora ya kisasa ina utando mwembamba sana wa titani naitraidi, mgumu usiokwaruzika kirahisi. Dhahabu yenyewe haimo.

Katika kanda hii watu wanajua kuwa rangi haitoshi. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, hakuna anayelipa fedha kwa kutazama tu: kuna mizani, kuna vipimo. Kipimo cha kale cha uzito na maji kinafanya kazi kwa mshikio pia. Pima mshikio kwenye mizani ya gramu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uutumbukize mshikio ukining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Gramu zinazosomeka ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Dhahabu safi ingekupa 19.3. Brasi hukupa karibu 8.5, chuma 7.8, aloi ya zinki kama 6.6, alumini 2.7. Mshikio uwe mzima ndani, usiwe bomba. Asiye na mizani atumie sumaku: ikishika, ni chuma, na chuma kilichopakwa kitaota kutu pale utando utakapokwaruzika.

Aloi ya zinki si kitu kibaya ikiwa nene. Inapoangusha watu ni kwenye tundu la skrubu, ambalo meno yake huliwa fundi akikaza kupita kiasi, na kwenye utando, unaobanduka pale vidole vinapogusa kila siku. Kinachouharakisha mwisho wake ni stili waya na jivu, vitu ambavyo mikono yetu imezoea kusugulia sufuria. Mshikio wa kupakwa unafutwa kwa kitambaa laini, sabuni na maji. Dawa za klorini zikae mbali hata na chuma kisichoshika kutu.

Umbo lina uzito kuliko rangi. Mpishi anayesonga ugali au kuparua sato hana vidole safi; anataka mshikio wa upinde anaoweza kuuvuta kwa kidole kimoja au hata kwa kiwiko. Kirungu kidogo kinateleza mkono ukiwa na mafuta. Ila kuna aina moja ya mshikio ambayo inavutia dukani na kusumbua jikoni: fimbo ndefu ambayo ncha zake zimechomoza huru pande zote mbili. Ncha hiyo ikiwa usawa wa nyonga, inanasa pindo la kanga. Mpishi anageuka na sufuria ya maji ya moto mkononi, kanga inabaki kwenye droo. Chagua mshikio ambao ncha zake zimerudi kwenye mlango. Milango isiyo na mishikio, yenye mfereji wa kushikia, ni safi kwa macho lakini mfereji wake unakusanya vumbi na mafuta kila siku.

Vipimo viwili viandikwe kabla ya kwenda dukani. Cha kwanza ni umbali kati ya matundu mawili ya mshikio, katikati hadi katikati. Viwanda vingi vinafuata hatua za milimita 32: 64, 96, 128, 160, 192. Ukichagua 96 au 128, siku ukitaka kubadilisha utapata mwingine unaoingia kwenye matundu yaleyale. Ukichagua mshikio wa ajabu wenye umbali wake peke yake, umeolewa nao. Cha pili ni urefu wa skrubu. Pakiti huja na skrubu za milimita 22 au 25, zilizokusudiwa mlango wa milimita 18. Mlango wa mninga wa mafundi wetu mara nyingi una unene wa inchi moja au karibu na hapo, na skrubu hiyo haifiki. Nunua ndefu zaidi. Usikubali mlango uchimbwe shimo kubwa nyuma ili skrubu fupi ifike.

Matundu yenyewe yapigwe kwa kipande cha plaiwudi kilichotobolewa mara moja kwa usahihi, kinachohamishwa mlango hadi mlango. Jicho husamehe rangi isiyolingana kuliko linavyosamehe mshikio mmoja uliopanda milimita tatu.

Kufuli

Nyumba za kupanga zimejaa katika miji ya migodi, na wapangaji wanne wakishiriki jiko moja, kufuli ya kabati huzuia ugomvi wa mafuta ya kula. Kufuli ndogo ya kusukumia ndani ya mlango inatosha, mradi komeo lake linaingia kwenye mbao na si kwenye ubao mwembamba wa mgongo. Kwa mpangaji atakayehama, komeo la nje na kufuli ya kuning'inia ni bora, kwa sababu anaondoka navyo.

Milango miwili isifungwe kufuli. Wa kwanza ni wa kabati lenye mtungi wa gesi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo kabati hilo linataka matundu ya hewa karibu na sakafu na mlango unaofunguka mara moja. Wa pili ni ule ambao mtu angetaka kuufungia chupa ya zebaki. Hakuna kufuli inayoifanya zebaki istahili kukaa jikoni, wala moto wa jikoni usitumike kuichoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na unaingia kwenye ubongo wa watoto kabla ya watu wazima kuhisi chochote. Zebaki na vyombo vyake vibaki mwaloni, dhahabu inakooshwa.

Mpangilio wa kununua

Kwa fedha inayokuja kwa vipindi, gawa kazi katika mikupuo mitatu.

Mkupuo wa kwanza ununue mbao kavu, miguu ya kurekebishia ya plastiki yenye sentimita kumi, bawaba zote na reli zote, hata kama milango itakuwa michache kwa sasa. Miguu hiyo inainua boksi juu ya maji ya kudekia na kumnyima mchwa njia ya kificho, na haiwezi kuongezwa kirahisi kaunta ikishakaa. Bawaba zinunuliwe kwa pamoja kwa sababu shehena inayofuata itakuja na chapa nyingine, yenye bamba lisilolingana na la kwanza. Ongeza jozi moja ya akiba ya bawaba na jozi moja ya reli, uziandikie tarehe na duka.

Mkupuo wa pili umalizie milango na droo. Wakati huu milango inaweza kufunguliwa kwa virungu vya mbao alivyochonga fundi kwa masalia ya mninga, vyenye skrubu moja iliyopigwa kwenye mojawapo ya matundu mawili utakayoyahitaji baadaye. Jiko linafanya kazi kamili katika hali hiyo.

Mkupuo wa tatu ndio wa mishikio. Kufikia hapo umepika jikoni humo kwa miezi kadhaa, unajua droo ipi inavutwa zaidi, mlango upi watoto wananing'inia, na mkono upi unauzoea. Utanunua michache kuliko ulivyodhani na mizuri kuliko ambayo ungemudu mwanzo, na kama moyo bado unataka rangi ya dhahabu, chukua.

Kinachobaki kinahusu maji: kaunta, sinki, na ukingo wa mbele ambako matone ya kuosha vyombo hushukia juu ya milango hii. Huko ndiko sura inayofuata inakoelekea.